Shuka Lenye Tundu la Pasi

Wezi wa mtaa ule walikuwa watu wa mchana. Usiku walilala kama wafanyakazi wengine, na asubuhi, watu wakishatawanyika kwenda kwenye shughuli zao, ndipo na wao walipoingia kazini. Mtungi wa gesi uliondoka saa nne. Pasi na feni za muuza mboga ziliondoka pamoja saa sita, jua likiwa utosini. Televisheni ya mwalimu ilitokea mlango wa mbele, imebebwa na watu wawili waliomsalimia kila waliyekutana naye njiani. Hapo wakazi wakaona yamewafika shingoni. Wakakutana kwenye saluni ya kinyozi, wakakubaliana kuulinda mtaa wao wenyewe, kwa zamu, bila malipo. Kinyozi akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu viti vyote walivyokalia vilikuwa vyake.

Sheria waliyoiweka ilikuwa moja tu. Kila mzigo unaotoka mtaani mchana uulizwe: unatoka wapi, unakwenda wapi, nani kaubeba. Majibu yaandikwe. Mwenye zamu apewe kizibao cha kung'aa na filimbi, akae kwenye kona ambako vichochoro vyote vinakutana, awaulize watu kwa adabu.

Aliyeipenda kazi hiyo kuliko wote ni Bwana Mita. Miaka thelathini na moja alipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi minane akisoma chochote chenye namba: tarehe za kwenye makopo, saizi za viatu, uzito ulioandikwa kwenye mfuko wa sabuni. Mkewe alikuwa karibu kupata wazimu. Kwa hiyo ulinzi ulipokuja, Bwana Mita alinunua daftari kubwa la jalada gumu kwa pesa yake, akalipigia mistari kwa rula, na zamu za wenzake akaanza kuzichukua moja moja mpaka zikawa zake zote. Hakuna aliyelalamika.

"Angalau sasa anaandika nje," alisema mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na hata mumewe alimwita Fundi. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, mlango wazi, na benchi la wateja liko ukutani. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito, yenye tabia mbaya. Ikiamua kuruka mishono, inaruka. Ikiamua kuvunja sindano, inavunja tatu kwa mpigo. Fundi alikuwa akiongea nayo kama mtu anavyoongea na mkwe asiye na haya.

Ijumaa ile ilikuwa imevunja sindano ya mwisho. Mezani kulikuwa na sare za shule: ishirini na mbili zimekwisha, kumi na nne bado vipande. Jumatatu shule inafunguliwa. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi, zikifika kwa wakati, mwaka ujao sare za shule nzima ni zake; zikichelewa, kazi inahamia kwa wale wenye duka la mashine tano.

"Chuma hiki!" Fundi akaipiga kofi. "Wallahi akitokea mtu wa kukichukua nitamshukuru!"

Hayo alikuwa akiyasema kila wiki, mbele ya mteja yeyote aliyekuwa kwenye benchi. Hakuna aliyeyatia maanani. Akafunga kitambaa kichwani, akamwita wifi yake aliyekuwa amejilaza chumba cha ndani.

"Wifi, nakwenda kununua sindano. Niangalizie hapa mbele."

"Nenda, nipo," alijibu wifi. Huyo alikuwa dada mkubwa wa Bwana Mita. Alikuja kupumzika wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa nne.

"Upo macho au upo tu?"

"Wifi, mimi hata nikilala naona."

*

Saa tano kasoro, mtu mmoja alitokeza kwenye kona akiwa na furushi begani. Bwana Mita alimwona mbali, akakaa wima, akafungua daftari, akalamba ncha ya kidole. Siku ile hapakuwa na biashara nyingi; mizigo mitatu tu, na mmoja ulikuwa kuku.

"Shikamoo mzee," alisema mwenye furushi.

"Marahaba mwanangu. Simama kidogo. Ni utaratibu."

"Bila shaka, mzee. Afadhali mnatulinda. Zamani hapa palikuwa pabaya."

Bwana Mita akaridhika sana. Watu wengi walikuwa wakimkejeli. Muuza nyama alimwita "rula inayotembea". Huyu alikuwa mtu wa adabu, wa umri kama miaka arobaini, mpole, na alijibu maswali kwa mpangilio ule ule wa mistari ya daftari.

"Unatoka wapi?"

"Kwa mama mmoja huko ndani. Mashine yake inamsumbua."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa fundi wa mashine, ikatazamwe."

"Vizuri. Ngoja niandike." Akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena, maana hakuwa mtu wa kuandika kwa kifupi. Alipomaliza akaona yule mtu anahangaika kurudisha furushi begani. "Pole, limekuelemea. Lete hapa." Akasimama, akashika upande mmoja, wakahesabu moja, mbili, tatu, mzigo ukapanda.

"Mungu akuzidishie, mzee."

"Amina. Tahadhari na matope hapo mbele." Akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akajaza sehemu ya maoni.

*

Fundi aliporudi na sindano, alikuta meza ya cherehani na pedeli yake, na juu ya meza shimo tupu. Alisimama akilitazama shimo lile kama mtu aliyesahau jambo alilotaka kusema.

"Wifi!"

"Naam?"

"Mashine iko wapi?"

Wifi akatoka akipiga miayo. "Si amekuja yule uliyemtuma?"

"Nimemtuma nani?"

"Fundi wa mashine. Kasema umekutana naye njiani, umemwambia aje aichukue. Alikuja na bisibisi yake, wifi! Mwizi anatembea na bisibisi? Nikamsaidia kutoa mkanda. Nikaona atachafua nguo kwa ile oili, nikampa shuka afungie."

Fundi alikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye kizingiti. Mumewe alimwona anakuja, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Wamepita watu gani?" Fundi alihema. "Waliobeba! Nani amepita?"

"Wanne tu," alisema Bwana Mita kwa utulivu. "Wote wameandikwa."

"Mashine yangu imeibiwa!"

Sauti yake ilifika mbali. Watu wakaanza kuchomoza. Kinyozi alitoka saluni na mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake akafuata muuza nyama, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, taulo shingoni. Bwana Mita alikuwa amekwisha simama. Sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Msiwe na wasiwasi. Kama imepita hapa, imo humu." Akasoma kwa sauti, kila mtu asikie. "Saa nne na dakika hamsini na mbili. Mwanamume mmoja, mpole, ana salamu nzuri. Mzigo mmoja, kama kilo kumi na mbili, umefungwa kwa shuka la maua ya njano, lina tundu la pasi kwenye pembe. Maoni: amesaidiwa kujitwisha."

"Amesaidiwa na nani?" aliuliza kinyozi.

Bwana Mita alitazama daftari kana kwamba jibu lingekuwa mle.

"Na mimi."

Fundi alimsogelea taratibu. "Shuka lina tundu la nini?"

"La pasi. Umbo la pasi kabisa, mpaka ile ncha yake."

"Na nani, baba, alichoma shuka letu kwa pasi mwezi wa tatu, akisoma tarehe kwenye kopo la maziwa?"

Halafu muuza nyama akaanza kucheka, na kicheko chake kikawafungulia wengine.

"Mashuka ya maua ya njano yako mengi duniani," alisema Bwana Mita, lakini kwa sauti ya chini.

"Amelalia shuka lile miaka sita," Fundi aliwaambia watu. Akaenda akasimama nyuma ya mumewe. "Usigeuke. Leo nimevaa gauni la rangi gani?"

"Mama, si wakati wake huu..."

"Rangi gani?"

"La... lile la nyumbani."

Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Bwana Mita alisimama pale na kizibao chake kinang'aa juani, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani asionekane. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono, alilifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena.

Kinyozi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, ila uenyekiti ulikuwa bado mpya kwake. "Mzee Mita, samahani. Watu watasema mlinzi wetu kamtwisha mwizi mali ya mkewe. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Nipe kizibao kwa leo. Na filimbi."

Bwana Mita alivivua mbele ya wote. Filimbi ilinasa kwenye miwani, ikabidi muuza nyama amsaidie.

"Na daftari," alisema kinyozi.

"Daftari nilinunua mwenyewe."

Fundi, aliyekuwa tayari kumtafuna mumewe mzimamzima, alipouona ule mkono umelikumbatia daftari kifuani, hasira yake ilipungua kidogo, si sana. Akaketi juu ya jiwe. Sare kumi na nne. Hata akipata mashine ya kuazima, nani huazimisha mashine mwisho wa likizo, mafundi wote wakiwa wanakimbizana na sare?

"Malizia kusoma basi," alisema kwa uchovu. "Si uligeuza ukurasa? Wewe huandiki ukurasa mmoja."

Bwana Mita alivaa miwani yake vizuri. Sasa alisoma kama mwanafunzi aliyekemewa. "Shati la mistari, mikono mirefu. Ndala za buluu. Suruali nyeusi, imekunjwa hadi kwenye ugoko sababu ya matope. Pindo, kwa ndani, limeshonwa kwa uzi wa zambarau."

"Rudia."

"Ndala za buluu..."

"Hapo kwenye pindo!"

"Kwa ndani, limeshonwa kwa uzi wa zambarau."

Fundi alisimama. "Huo uzi ni wangu."

Wakamtazama.

"Wiki iliyopita nilikuwa nashona mapazia ya zambarau. Akaja mtu na suruali nyeusi ndefu, anataka ikatwe pale pale, anaanza kazi kesho yake. Nikamwambia uzi ulio mashineni ni huu, nikibadilisha utangoja. Akasema weka tu, ni kwa ndani, nani ataona?" Akamgeukia mumewe, akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe yupo wa kuona."

"Kazi gani anaanza?" aliuliza kinyozi.

"Mlinzi," alisema Fundi. "Wa duka la rangi, pale kwenye mzunguko."

*

Kinyozi alipiga simu polisi. Wakasema wanakuja, wasubiri, gari limekwenda upande mwingine. Mpango ulikuwa waende watu watatu tu, kimya kimya, wasimame mbali na duka mpaka polisi wafike. Lakini muuza nyama alikuwa amesikia, na jambo likishafika buchani linakuwa la mtaa mzima. Walipofika kwenye mzunguko walikuwa zaidi ya thelathini. Huyu ana fimbo, yule ana mpini wa jembe, mwingine kaokota kipande cha tofali. Muuza nyama aliongoza, taulo bado shingoni, nusu ya kichwa inameta.

Yule mpole alikuwa ameketi mlangoni pa duka, suruali imekunjuliwa. Aliposikia vishindo aliinua macho, akawaona, akaelewa. Hakukimbia. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye makopo ya rangi, mawili yakaanguka.

"Ndiye huyo!"

"Mshike!"

"Na televisheni ya mwalimu ni wewe!"

Kinyozi alipuliza filimbi mara tatu mpaka mashavu yakamuuma. Hakuna aliyesikia. Fundi alijipenyeza mbele akipiga kelele, "Msimpige! Mkimpiga nani ataniambia mashine iko wapi?" Mtu akamsukuma begani bila hata kumtazama. Kile kipande cha tofali kilikuwa kimekwisha inuliwa. Hapo Fundi akaisahau mashine. Aliona tu uso wa yule mtu, umepauka kama majivu, na akajua kwamba uso ule ataendelea kuuona kila atakaposhona pindo.

"Jina?"

Sauti haikuwa kubwa. Bwana Mita alikuwa amesimama mbele ya mwenye tofali, daftari wazi, kalamu tayari.

"Nini?" alisema mwenye tofali.

"Jina lako kamili. Polisi wako njiani. Wakikuta mtu amekufa hapa watauliza nani alikuwepo na alishika nini. Mimi huwa naandika. Ngoja." Akamtazama vizuri, usoni. "Aa, wewe nakujua. Nyumba namba kumi na saba, mita iko chini ya ngazi, kioo kimepasuka. Kipande kimoja cha tofali, mkono wa kulia. Jina la baba?"

Mkono ulishuka kidogo kidogo. "Mzee, mimi nimekuja kutazama tu."

"Ametazama tu, akiwa na tofali," aliandika Bwana Mita. Akasogea kwa mwingine. "Namba arobaini na mbili. Bomba lenu lilikuwa likivuja miaka miwili. Mpini wa jembe, mmoja. Huo wa mti gani?"

"Sijui..."

"Nitaandika hajui. Na wewe, mama, mwiko huo ni wa nini? Wa kushuhudia? Haya. Namba tisa."

Alipita mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyopita miaka thelathini na moja. Akifika mbele ya mtu anamtazama usoni kwanza, ndipo anaandika. Watu waliokuwa kundi moja wakaanza kuwa mtu na mtu, kila mmoja na namba ya nyumba yake. Fimbo zikawa zinawekwa chini ya miguu. Walio nyuma wakakumbuka jikoni wameacha moto. Alipofika kwa muuza nyama, walikuwa wamebaki kama kumi na mbili.

"Duka la nyama," alisema Bwana Mita. "Hana kitu mkononi. Nusu ya nywele."

"Hiyo nayo unaiandika?"

"Ni alama."

Mtu mmoja akacheka, akafuatwa na mwingine. Muuza nyama akajishika kichwa, akacheka na yeye, na hapo kila mtu akajua kwamba leo hapigwi mtu.

*

Mashine ilikuwa stoo, nyuma ya makopo ya rangi nyeupe, bado imefungwa kwenye shuka lake. Yule mpole aliwaonyesha mwenyewe. Halafu akakaa juu ya kopo.

"Kwa nini mimi?" Fundi alimwuliza. "Nilikukatia suruali ukisubiri. Sikukukalisha hata nusu saa."

"Nilipokaa kwenye benchi," alisema mtu yule, macho chini, "nilikuwa naitazama mashine. Mke wangu anashona kwa mkono. Vidole vyake vimekwisha, mama. Halafu wewe ukaipiga kofi, ukasema akitokea mtu wa kuichukua utamshukuru."

Kinyozi aligeukia ukutani kuficha uso. Kwa kweli Fundi alisema. Hata juzi alisema.

"Haya," alisema mwishowe. "Asante. Sasa nimeshukuru, naichukua."

Polisi walifika, wakasikiliza, wakaondoka naye. Kabla hajapanda gari Fundi alimwambia, "Ukitoka huko, mwambie mkeo aje. Hiyo mashine ina kazi za watu wawili, na wifi yangu si mtu wa kutegemewa." Akamwonya pia, "Na mlangoni apige hodi."

Bwana Mita alitaka kubeba mashine peke yake. Mkewe alimkatalia, akashika upande wa pili. Walitembea pole pole, furushi katikati, mpaka kwenye kona.

"Shuka kweli ni letu," alisema Bwana Mita.

"Nyamaza, tubebe."

*

Jumamosi na Jumapili nyumba ile haikulala mchana. Fundi alishona. Wifi alishona vifungo, mia moja na kumi na viwili, bila kusema kwamba anaumwa mgongo. Hilo peke yake liliwashangaza wote. Bwana Mita alipewa pasi, kwa masharti kwamba asisome chochote. Cherehani ilivunja sindano mbili tu. Fundi alipotaka kuitukana alitazama mlangoni kwanza.

Jumapili jioni kinyozi alileta kizibao na filimbi, vimefuliwa, hata filimbi. "Wenzako wamesema urudi," alisema. "Ila wanaomba kurasa zile za juzi uzichane."

"Daftari halichanwi," alisema Bwana Mita.

"Nilijua utasema hivyo."

Jumatatu asubuhi Fundi alitoka na sare zote thelathini na sita. Mfuko wa kuzitosha haukuwepo, akazifunga kwenye lile shuka, akajitwisha. Alipofika kwenye kona, mumewe akasimama kutoka kwenye kiti.

"Shikamoo, sitaki kucheleweshwa," alisema Fundi.

"Simama kidogo, mama. Ni utaratibu. Mzigo unatoka wapi?"

"Kwako, kichaa wewe."

"Unakwenda wapi?"

"Shuleni. Na nikichelewa utakula hilo daftari."

Bwana Mita alifungua ukurasa mpya, lakini hakuandika upesi. Alimtazama mkewe kuanzia juu, polepole, kwa muda mrefu hata Fundi akaona haya, akajishika kola.

"Saa moja na dakika kumi," alisema huku akiandika. "Mwanamke mmoja. Gauni la kijani. Vifungo sita vyeupe, cha tatu kutoka juu ni cheusi."

"Hicho kina mwaka sasa."

"Macho mekundu, hakulala vizuri. Kidole cha shahada kimechomwa sindano, mara mbili." Akafika mwisho wa mstari, akasita, akaongeza neno, akafunika kwa kiganja.

"Umeandika nini hapo kwenye maoni?"

"Siri ya ulinzi," alisema Bwana Mita. Akaweka kalamu sikioni, akashika upande mmoja wa furushi. "Twende, nikufikishe mpaka barabarani. Kinyozi! Nikalie kiti dakika tano!"